Kura kwa Niaba ya Asiyepiga Kura

Mtoto atakayeingia Gredi ya Kwanza nchini Kenya Januari 2028, akiwa na miaka 6, atasoma chini ya rais atakayechaguliwa Agosti 2027. Rais huyo akiwa mpya na akitumikia mihula yake yote miwili, ataondoka Ikulu mwaka 2037 kabla mtoto huyo hajatimiza miaka 18. Hivyo hatapata nafasi ya kumwadhibu wala kumtuza kwa kura mtu aliyeamua afundishwe nini, na nani, kwa fedha za nani. Barabara mbovu humsumbua mpiga kura mwenyewe, naye huweza kulipiza baada ya miaka 5. Elimu mbovu humwangukia asiye na kura. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayelinganisha sera za elimu za wagombea ameshika amana ya mwingine. Mshika amana hapimi ahadi kwa ukubwa wala utamu wake, bali huuliza kama inatimizika, na ikishindikana ni nani atakayeumia.

Ahadi zinazoshangiliwa sawa jukwaani hutofautiana sana katika utekelezaji. Katika kampeni za 2002, muungano wa vyama wa NARC uliahidi elimu ya msingi bila malipo. Kikwazo kilichomzuia mtoto mlangoni kilikuwa karo, na serikali ilikuwa na uwezo wa kuifuta mara moja. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki iliifuta, na watoto zaidi ya milioni 1 wakaongezeka shuleni. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta ya mkononi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule za umma. Hiyo ilihitaji kwanza umeme katika shule nyingi, mafunzo kwa walimu, na zabuni isiyo na dosari. Zabuni ya awali ilifutwa, kompyuta zikageuka kuwa tableti, na usambazaji ukaanza mwaka 2016. Walioanza darasa la kwanza mwaka 2014 walikuwa wameshavuka. Mpiga kura angeweza kuiona tofauti hiyo mapema kwa kuuliza swali la kwanza: ni mambo mangapi lazima yatangulie kabla ahadi haijamfikia mtoto.

Swali la pili ni la mamlaka. Katiba ya 2010 imezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na kuiachia serikali ya kitaifa shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu. Mgombea ugavana anayeahidi kuajiri walimu wa sekondari anaahidi kazi ya Tume ya Huduma za Walimu. Swali la tatu ni la fedha. Kwa miaka mingi mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi umekuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Ukizigawa kwa siku za mwaka, hazifiki shilingi 4 kwa siku, na ndani yake mna vitabu, chaki na ukarabati. Anayetangaza elimu ya bure bila kusema mgao huo utapanda hadi kiasi gani, na fedha zitatoka wapi, amemwachia mzazi deni. Mwaka 1974 karo ilipofutwa katika madarasa ya chini, shule zilianza kutoza ada za ujenzi, na mzigo ukarudi nyumbani kwa jina jingine.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hana muda wala utaalamu wa kuchambua manifesto. Lakini maswali haya matatu hayahitaji shahada. Yanaulizika katika baraza la kijiji, na mgombea akikwepa kuyajibu, huko kukwepa ni jibu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wanasiasa husahau ahadi, kwa hiyo kuzilinganisha ni kazi bure. Mwaka 2003 unakanusha hilo kwa nusu tu: ahadi ilitimizwa, ila walimu na madawati hawakuongezeka kwa kasi ya watoto, na baadhi ya madarasa yakafurika hadi wanafunzi 100 kwa mwalimu mmoja. Funzo lake ni kwamba ahadi ya kweli nayo huja na gharama ambayo wapiga kura walipaswa kuidai itajwe mapema. Tena, asiyelinganisha kabla ya kura hana msingi wa kudai baadaye, kwani hajui aliahidiwa nini hasa.

Kwa hiyo, kabla ya Agosti 2027, chukua manifesto za wagombea wawili, fungua ukurasa wa elimu, na uulize kila ahadi: iko chini ya mamlaka yake? Fedha zitatoka wapi? Nini lazima kitangulie? Atakayeshindwa kujibu asipewe kura kwa sababu ya elimu, hata akiahidi makubwa kuliko mwenzake.