Gari la Japani, Vumbi la Unyanyembe

Likiwashwa tu, gari huongea. Sauti ya mwanamke hutoka chini ya dashibodi na kusema jambo kwa Kijapani, na abiria anayelipanda mara ya kwanza huangua kicheko. Wenye IST, Spacio na Noah wameshazoea. Mama huyo anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijachomekwa. Barabara anayoiwaza yeye iko Nagoya au Osaka. Gari lenyewe liko Itetemia, makao ya kale ya watemi wa Unyanyembe pembezoni mwa mji wa Tabora, linageuzwa taratibu chini ya mwembe ili lielekee mjini.

Karibu kila kitu kinachohusu maisha ya gari hilo kimeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine na nchi nyingine. Kitabu cha mwongozo kingali ndani ya kisanduku chake, hakijafunguliwa kwa sababu hakisomeki. Redio inaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa inazipita kimya. Ndiyo maana mwenye gari anapokabidhiwa orodha ya sevisi, iwe na wakala wa kiwanda au na gereji kubwa inayojifananisha na wakala, hana cha kuilinganisha nayo. Anabaki na bei mkononi na hofu moyoni.

Hofu hiyo inajulikana vizuri na wanaouza. Kijana wa mapokezi, mwenye adabu zake zote, anaamkia "shikamoo", anaitikiwa "marahaba", kisha anaanza: mzee, injini hii tukiisafisha kwa dawa itarudi kuwa mpya; mzee, nozeli nazo; mzee, unasafiri na familia. Neno familia likishatajwa, mzee anasaini. Hakudanganywa moja kwa moja. Ameuzwa vitu vinane, na vitatu kati yake huenda vilihitajika kweli. Tatizo ni kwamba hajui ni vitatu vipi.

Wakala naye atendewe haki. Nchini Tanzania uwakala wa Toyota umekuwa kwa miongo mingi mikononi mwa kundi la Karimjee, familia iliyoanza biashara Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, zama ambazo pembe za ndovu kutoka Unyanyembe zilikuwa zikishuka pwani mabegani mwa Wanyamwezi. Karakana za namna hiyo zina mashine za kupimia, spea halisi na watu waliosomea kazi. Lakini ratiba zao zimetungwa kwa magari wanayoyauza wenyewe yakiwa mapya, akina Hilux na Land Cruiser. IST ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ikatumiwa huko miaka kumi au zaidi, kisha ikapanda meli. Haina historia kwenye daftari la wakala wa hapa. Na kwa mkazi wa Tabora, kuipeleka Dar es Salaam kwa sevisi tu ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Njia hii ina uzoefu wa kudaiwa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ililazimika kupita Ugogo, na Ugogo kila mtemi alidai hongo yake ya vitambaa, shanga na nyaya. Wazungu kama Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 walilalamikia hongo hiyo kurasa kwa kurasa, kana kwamba ilikuwa unyang'anyi mtupu. Haikuwa hivyo. Ugogo ni nchi kavu, visima vilikuwa vya wenyeji, na sehemu kubwa ya hongo ilikuwa bei ya maji na chakula. Msafara uliokataa kulipa ungeweza kufa kiu. Msafara uliolipa kila kilichotajwa ungefika Tabora hauna kitambaa cha kununulia posho. Mazungumzo yalichukua siku nzima, wakati mwingine siku kadhaa, na mzoefu wa njia alijua lipi ni bei ya kisima na lipi limeongezwa kwa sababu mgeni ameonekana ana haraka.

Kwa gari la Itetemia, bei ya kisima ni vumbi.

Kuanzia Mei hadi mvua za Novemba, barabara za mitaa ya Tabora zisizo na lami hufunikwa na unga mwembamba wa mchanga unaopanda kila tairi linapopita na kubaki hewani muda mrefu. Mchanga huo ni mgumu kuliko vyuma vingi vya ndani ya injini. Punje zake zikipita kwenye chujio la hewa na kuingia kwenye silinda, zinasugua ringi na kuta polepole, mpaka siku gari linaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili, na fundi anasema habari ya kushusha injini. Chujio la hewa ni karatasi iliyokunjwa. Linafunguliwa kwa mkono, klipu mbili tatu, bila bisibisi. Ndicho kifaa rahisi kuliko vyote katika orodha ya sevisi, na hapa Tabora kingestahili kuandikwa juu kabisa kwa wino mwekundu. Badala yake mara nyingi kinapigwa upepo wa kompresa kwa nguvu zote, kutoka upande wa nje, karatasi inatoboka vitundu visivyoonekana, kisha kinarudishwa kikiwa kisafi cha macho tu. Kama lazima lipigwe upepo, upepo uwe mdogo na utoke ndani kwenda nje. Kasha lake nalo litazamwe: klipu ikivunjika na kufungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, vumbi halihitaji tena kupita kwenye chujio.

Oili inafuata, na hapa watu wanagombana sana. Kwa soko la Japani, Toyota imezipangia injini zake nyingi za petroli zisizo na turbo kumwaga oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Mwenye gari akisikia hivyo anamwona fundi wake anayesema 5,000 kuwa mwizi. Lakini ratiba hiyohiyo ina safu ya pili, ya matumizi magumu: barabara mbovu, vumbi, safari fupi fupi za kuwasha na kuzima. Hapo muda unakatwa nusu, 7,500 au miezi sita. Itetemia kwenda sokoni na kurudi, kiangazi, ni matumizi magumu kwa kila kipimo. Ukiongeza kwamba oili nyingine za madukani hazieleweki zilikotoka, 5,000 ya fundi si wizi. Ile ya 3,000 ndiyo inayostahili kuulizwa sababu, hasa kwa anayenunua oili nzuri yenye lebo na daraja linalosomeka.

Kisha kuna maji ya rejeta. Tabora iko mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Injini hufanya kazi karibu na joto hilo. Kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko wa rejeta unaoshikilia mgandamizo, pamoja na kulanti. Maji ya bomba, hata haya ya Ziwa Victoria yaliyofika Tabora katika miaka ya karibuni, hayana kinga ya kutu, nayo hula alumini ya ndani kidogo kidogo. Kulanti ya waridi ya Toyota hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, baadaye kila 80,000. Si gharama ya kila sevisi. Anayeiweka kwenye orodha kila mwaka anauza. Anayesema maji yanatosha anaua injini. Mfuniko uliochoka, ambao ni kitu cha bei ndogo, hautajwi na yeyote kati yao.

Mkanda wa timing unafaa kuwa onyo kwa wanaosaini bila kuuliza. Injini za IST za 1300 na 1500 hazina mkanda. Zina mnyororo wa chuma. Spacio ya zamani, ile ya mwishoni mwa miaka ya 1990, inao, na Carina Ti nazo vilevile, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Spacio mpya ina mnyororo. Mtu wa IST akiandikiwa kubadilishiwa mkanda wa timing, anaandikiwa dawa ya ugonjwa wa jirani. Mwenye Carina naye asikimbilie kulipa kabla hajafungua boneti, kwa sababu gereji za Japani zina desturi ya kubandika stika inayotaja tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Kamera ya simu sasa inatafsiri maandishi hayo. Mwaka ukiwa umeandikwa kwa hesabu ya wafalme wao, Heisei 20 maana yake ni 2008: jumlisha 1988. Reiwa jumlisha 2018. Stika ya namna hiyo inaweza kumwokolea mtu pesa nyingi, nayo husuguliwa siku ya kwanza gari linapooshwa.

Kuna vya kukataa bila kigugumizi. Dawa ya kusafisha injini ndani haimo kwenye ratiba ya kawaida ya kiwanda, na kwa injini iliyozeeka huweza kung'oa uchafu ulioganda ukaenda kuziba njia ya oili. Naitrojeni ya kujazia tairi ni jambo la kuchekesha: hewa ya bure ya Unyanyembe tayari ni naitrojeni asilimia 78. Rangi ya kuzuia kutu chini ya gari ina maana huko kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Tabora hakuna chumvi barabarani. Cha maana ni kuinama na kutazama kama gari halikuja na kutu yake kutoka huko.

Ukiwa umeinama, tazama tairi. Magari mengi hushuka bandarini na tairi za theluji, laini, zilizotengenezwa kwa baridi, kisha yakapewa lami ya moto ya kutoka Itigi kuja Tabora. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zinaweza kuwa nzima kabisa na mpira ukawa umeshakauka. Jambo hili halimo kwenye orodha nyingi za sevisi, ilhali ndilo linaloua. Mafuta ya breki yako hivyohivyo: hufyonza unyevu hewani, na kila miaka miwili inafaa yabadilishwe, lakini watu huongeza tu. Na mwenye giaboksi la CVT asikubali hidroliki ya kawaida hata kama fundi ni shemeji yake.

Ukali huu dhidi ya orodha ndefu usimpe moyo yule wa upande wa pili, anayeamini gari la Mjapani halifi. Huyo huendesha mpaka taa ya oili iwake, kisha hulalamikia uchawi. Yeye na yule anayelipia kila kitu wanakutana mahali pamoja: wote wawili hawataki kufungua boneti. Mmoja ananunua utulivu kwa fedha, mwingine ananunua kwa kupuuza. Watu wa aina ya tatu wapo Tabora, hata kama si wengi. Wana daftari dogo ndani ya gari, kilomita na tarehe, oili gani, nani aliiweka. Fundi akiliona daftari hilo, maongezi hubadilika sauti.

Kuna kazi moja ambayo fundi wa chini ya mwembe hapaswi kuigusa na ambayo wakala anaiweza. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa kwenye mamilioni ya magari ya makampuni mengi, yakiwemo matoleo ya Corolla na Vitz ya miaka ya 2000, ilikuwa na baruti ya amonia naitreti inayoharibika kwa miaka ya joto na unyevu. Ikifyatuka, kasha lake hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa abiria. Watu wamekufa Marekani na kwingineko, takriban vifyatuo milioni 100 vikaitwa virudishwe duniani, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Tangu Mei 2018 Japani inayanyima cheti cha ukaguzi magari yenye mifuko ya hatari ambayo haijabadilishwa. Magari yaliyopanda meli kabla ya hapo hayakukutana na kikwazo hicho, na mengi yangali barabarani Afrika Mashariki. Toyota Japani ina ukurasa ambao mtu huingiza namba ya chasisi na kuonyeshwa kama gari lake liliitwa na kama lilitengenezwa. Namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari, na kuiangalia hakuhitaji miadi wala ankara.