Jina la Mji ni Mali ya Nani?

Mtu akizaliwa hupewa jina na wazazi wake, na akifa huwaachia wajukuu jina hilo. Mji hauna desturi hiyo. Mji hauna baba wala mama wa kuuita siku ya kuzaliwa kwake. Huitwa na mpita njia, na mkulima, na mvuvi, na mshindi wa vita, kisha jina moja katika hayo hushika na mengine huanguka. Kwa sababu hiyo swali ambalo ni jepesi kwa mtu ni zito kwa mji: jina lake ni mali ya nani? Ni ya yule aliyelitamka kwanza, au ya mwenye nguvu aliyeliandika katika ramani, au ya wale walitumiao kila siku pasipo kuuliza?

Nataka kulijaribu swali hili kwa kutazama mahali pawili palipo mbalimbali: nchi ya Handeni na Korogwe katika mkoa wa Tanga, na mji wa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Yamkini msomaji atastaajabu kuyaona majina haya katika karatasi moja. Lakini si mimi niliyeyaweka pamoja mara ya kwanza. Mwezi wa Novemba mwaka 1884 Carl Peters na wenziwe walipanda bara kutoka Sadani, wakapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakarudi pwani na mikataba iliyoandikwa kwa lugha ambayo waliotia alama zao hawakuijua. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya kufungwa mkutano wa mataifa uliofanyika Berlin, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo nne. Katika hati hiyo Uzigua iliandikwa Useguha. Hivyo jina la nchi liliandikwa Berlin, kwa herufi zisizo zake, kabla ya wengi wa wenye nchi kupata kulisikia jina la Berlin.

Aliyeliandika jina la mwenziwe bila kumwuliza maana yake si vibaya naye akiulizwa maana ya lake. Basi Berlin ni nini?

Mtoto wa mji ule ataonyesha dubu. Dubu yumo katika bendera ya mji, na tuzo kubwa ya maonyesho ya filamu yafanywayo huko kila mwaka ni sanamu ya dubu wa dhahabu. Wajerumani humwita dubu Bär, na sikio husadiki upesi kwamba Bär ndiyo mama ya Berlin. Tena imani hii si ya jana: dubu walichorwa katika muhuri wa mji tangu mwaka 1280. Walakini wataalamu wa lugha wamelichungua neno hili, na wengi wao wamekubaliana kwamba si la Kijerumani kabisa. Mwisho wake, na mkazo uangukao katika silabi ya mwisho, ni alama za majina ya Waslavi, ambayo yamejaa katika upande ule wa Ujerumani. Schwerin ni mojawapo. Shina lake lina maana ya bwawa au kinamasi. Berlin, basi, ni mahali pa matope kando ya mto Spree.

Waslavi hao ndio waliokaa katika mabonde ya Spree na Havel kabla ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1157 Albrecht, ambaye kwa sadfa lakabu yake ilikuwa Dubu, aliitwaa ngome ya Brandenburg, na walowezi wakafuata. Cölln, mji pacha wa Berlin, unatajwa katika maandishi mwaka 1237, na Berlin wenyewe mwaka 1244. Lugha ya wenyeji ilififia hata ikatoweka katika sehemu zile. Jamaa zake zimesalia kwa Wasorbi wa Lausitz, kusini na mashariki ya Berlin. Mshindi aliitwaa ardhi, akajenga makanisa na masoko, akatunga sheria. Lakini alipotaka kuuita mji wake alilazimika kutumia neno la aliyeshindwa. Mji ambao ndani yake majina ya nchi za watu yaliandikwa upya, wenyewe umebeba jina la watu walionyang'anywa nchi.

Jambo hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba jina halimtii mwenye nguvu kama ardhi imtiivyo. La pili ni kwamba maana ya asili si maana yote ya jina. Hakuna mtu wa Berlin akumbukaye matope anapoutaja mji wake. Dubu ni kosa la sikio, lakini ni kosa lililokaa na watu kwa zaidi ya miaka mia saba, likachorwa na kupendwa. Mwenye kusema kwamba dubu si chochote kwa sababu wataalamu wamemkana, hajui jinsi watu wanavyoishi na maneno yao.

Je, tuseme basi kwamba asili ya jina haina thamani, na kwamba kila mtu aweza kulipa jina maana aipendayo? Hapa yafaa kurudi nyumbani.

Msafiri katika nchi ya Wazigua na jirani zao hukutana na jamii ya majina yaliyofanana kichwa: Kwamsisi, Kwamatuku, Kwamkono, na Kwediboma, iliyo katika Kilindi, wilaya iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002, na upande wa Korogwe, Kwamndolwa, Kwagunda, Kwashemshi. Kichwa hicho cha kwa au kwe chasema kwamba mahali hapa pana mtu wake au pana kitu chake. Kwediboma ni penye boma. Kwashemshi ni kwa Shemshi, na msikilizaji ajuaye desturi ya Wasambaa, ambao majina mengi ya wanaume wao huanza na She, hatambui mahali tu bali amtambua mtu. Katika majina ya namna hii asili si pambo la wataalamu. Ni ushahidi. Mikataba ya mwaka 1884 ilidai kwamba watu wachache, kwa alama ya kalamu, wametoa nchi nzima hata milele. Lakini nchi yenyewe ilikuwa imejaa majina yasemayo kwa fulani, kwa fulani. Aliyejua sarufi ya majina hayo asingaliweza kusema kwamba hakuona wenyewe.

Basi nguvu hujaribu kulishinda jina, na wakati mwingine hufaulu kwa kitambo. Panda kutoka Mombo, katika wilaya ya Korogwe, uifuate barabara ya milimani, utafika Lushoto. Wakati wa utawala wa Wajerumani mji huo uliitwa Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm. Jina hilo lilikuwa na kila kitu ambacho dola yaweza kulipa jina: ramani, mihuri, ofisi na askari. Lilikosa kitu kimoja tu, kinywa cha wenyeji. Mwaka 1916 Waingereza walipoitwaa nchi, Wilhelmstal ikaondoka pamoja na waliokuwa wakiiandika, na Lushoto ikabaki mahali pake. Reli iliyofika Korogwe mwaka 1902 ilidumu, mkonge ulioletwa mwaka 1893 ulidumu, jina halikudumu. Chuma na mmea vyaweza kupandikizwa kwa amri, bali jina hupandikizwa kwa ridhaa.

Kuna mfano mwingine wa kinyume chake, nao wagusa moyo zaidi. Katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya watumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi hata Somalia. Waliopata kujikomboa walijenga vijiji katika bonde la mto Juba. Hawakuwa na ramani wala mihuri, na nchi waliyoondolewa haikuwa machoni pao. Lakini walihifadhi Kizigua chao, wakawafundisha watoto na wajukuu jina la nchi ambayo hao hawajaiona. Miaka ya 1990 vita vilipowafukuza Somalia, baadhi yao walikuja Tanzania wakapokewa Mkuyu, karibu na Handeni, na baadaye Chogo. Na wengi wao wamepewa uraia. Wilhelmstal lilikuwa jina lenye dola lisilo na watu. Uzigua, katika bonde la Juba, lilikuwa jina lenye watu lisilo na ardhi. Lililodumu ni hili la pili.

Sasa twende tena Berlin, maana jambo hili lina mwisho wake kule kule lilikoanzia. Upande wa kaskazini wa mji kuna mtaa uitwao wa Kiafrika, na barabara zake ni Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Ziliitwa hivyo ili kujivunia makoloni. Huko mwaka 1939, chini ya utawala wa Hitler, barabara moja iliitwa Petersallee kwa heshima ya Carl Peters yule yule wa mikataba ya Uzigua. Mwaka 1986 aibu ilipozidi, wakuu hawakulibadili jina. Walitangaza kwamba tangu siku hiyo Peters anayetajwa ni mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyeupinga utawala wa Hitler. Herufi zilikuwa zile zile, mtu mwingine.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa kali. Ikiwa matope yaliweza kugeuka dubu na hapana aliyeteta, kwa nini Carl asiweze kugeuka Hans? Kwa hesabu ya maneno mambo haya mawili ni sawa. Lakini watu hawakuridhika, wakadai kwa miaka mingi, hata tarehe 23 Agosti 2024 barabara ile ikagawanywa majina mawili: sehemu moja Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na sehemu nyingine Maji-Maji-Allee. Kabla ya hapo, mwaka 2021, barabara nyingine katika mji huo, iliyokuwa na jina la Hermann von Wissmann, aliyepigana na Bwana Heri wa Sadani na watu wake wa Uzigua, ilipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanzania.

Tofauti, kwa maoni yangu, ni hii. Dubu ni kosa lisilo na hila. Halikuzuliwa ili mtu aepuke kuulizwa. Msomaji mkali atasema kwamba dubu naye amewafunika Waslavi. Ni kweli, lakini sauti ya neno lao imeachwa ilivyo, na atakaye kuuliza huambiwa. Hans Peters, aliyekuwa mtu mwema, alitumiwa kuwa pazia. Jina lilifanywa liseme kweli mpya ili lisiseme kweli ya zamani. Kubadilika kwa maana si dhambi, kwa kuwa maneno yote hubadilika. Dhambi ni kuibadili maana ili aliyedhulumiwa akose hata neno la kudai.

Kwa hiyo nasema kwamba tulikosea kuuliza jina ni mali ya nani. Jina la mji si mali ya mtu, ni amana. Mali yaweza kuuzwa, kufichwa au kuharibiwa na mwenyewe. Amana haina ruhusa hiyo. Aliyeipokea aweza kuitumia, hata kuizoea mpaka aidhani yake, lakini ana deni kwa aliyeiweka na kwa atakayeipokea baadaye. Deni hilo si kukataza mabadiliko. Ni kujua tunachobadili, na kukitaja.

Maneno haya si ya Berlin peke yake. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Tanzania nzima iliwekewa anwani za makazi. Barabara na vichochoro visivyohesabika vikapewa majina na vibao. Handeni na Korogwe vilevile. Kila kibao kilichosimamishwa mwaka ule ni amana mpya, na kila kimoja huenda kimesimama juu ya jina la zamani ambalo lilikuwa likisema kwa fulani. Mwanafunzi mwenye daftari na mzee mwenye kumbukumbu wanaweza kuketi pamoja na kuandika fulani huyo alikuwa nani, kwa tahajia ambayo mwenyewe angeitambua. Wasipofanya hivyo, mtoto wa kesho atakisoma kibao, atauliza maana, na ataonyeshwa dubu.