Safu ya Sala na Kiti cha Halmashauri



Kijana mmoja anayeichunguza dini ya Islam alinijia baada ya sala ya Ijumaa akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Nilidhani ataniuliza juu ya Utatu, au juu ya kusulubiwa kwa Yesu, kwani hayo ndiyo maswali niliyoyazoea kutoka kwa ndugu waliolelewa katika Ukristo, na majibu yake ninayo tayari. Yeye hakuuliza hayo. Alisema: "Sheikh, nimeona mnaposali mnasimama bega kwa bega, mwenye shati lililotoboka kando ya mwenye gari. Limenipendeza sana. Lakini nimesoma pia karatasi iliyobandikwa mlangoni, yenye majina ya halmashauri yenu. Wote ni watu wa namna moja. Je, usawa wenu unakwisha mnapotoa salamu za kumaliza sala?"

Nilimjibu upesi kwa aya mbili na hadithi moja. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akaenda zake. Nami nilibaki nimesimama pale nikijua kwamba sikumjibu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile, na kwa kuwa huenda wewe nawe, unayesoma, umewahi kuuliza moyoni kama dini hii ni ya Waarabu, au ya Wahindi, au ya wazee tu, nakuomba unisikilize.

Katika sura Al-Hujurat (49:14) Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba ametuumba wanadamu kwa mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele Yake ni yule amchaye zaidi. Aghalabu sisi wahubiri huikimbilia sehemu ya mwisho ya aya hii, ile ya uchaji, tukaipita ile ya kujuana kana kwamba ni daraja tu la kuvukia. Kujuana si kusalimiana. Nimewaona watu waliosalimiana kila alfajiri kwa miaka ishirini, wala mmoja hajapata kumwuliza mwenzake shauri katika jambo lolote. Hao hawajajuana. Wamezoeana tu.

Sasa tutazame jinsi Mtukufu Mtume s.a.w. alivyoifanyia kazi aya hii pale palipokuwa na mambo ya kuamuliwa.

Mwaka wa 5 wa Hijra, yaani 627, Makureshi na makabila yaliyoungana nao waliiendea Madina kwa jeshi ambalo wanahistoria wanalitaja kuwa la watu 10,000. Waislamu walikuwa kama 3,000. Waarabu walizijua sana vita za kushambulia na kurudi nyuma, za farasi na upanga. Lakini kuukinga mji kwa kuchimba hawakukuzoea. Aliyekujua alikuwa Hadhrat Salman r.a., Mwajemi, mtu aliyekuwa ameuzwa utumwani akafika Madina akiwa mali ya mtu mwingine. Yeye ndiye aliyeshauri lichimbwe handaki upande wa mji uliokuwa wazi. (Neno letu "handaki" latokana na neno hilo hilo la Kiarabu, nalo wataalamu wa lugha husema lilitoka Uajemi, kama alivyotoka mwenye shauri.) Mtukufu Mtume s.a.w. alilikubali, na mwenyewe akachimba na kubeba udongo pamoja na watu wake. Hebu fikiri: lau barazani wangeruhusiwa kunena wenyeji wa Makka na Madina peke yao, nani angelitaja handaki? Waarabu hawakupungukiwa na akili. Ila wote walikuwa wameyaona mambo yale yale tangu utotoni, na waliyoyakosa yalikuwa yale yale pia.

Mwaka uliofuata, mahali paitwapo Hudaibiya, Waislamu wapatao 1,400 walizuiwa wasiingie Makka, na mkataba ukatiwa sahihi ambao masahaba wengi waliuona mchungu. Mtukufu Mtume s.a.w. aliwaambia wachinje wanyama wao na wanyoe nywele. Hakuinuka mtu. Akasema mara ya pili na ya tatu, na watu waliotoa mali na roho zao kwa ajili yake waliendelea kukaa chini kwa huzuni. Ndipo alipoingia hemani kwa mkewe, Hadhrat Ummu Salama r.a., akamsimulia yaliyotokea. Bibi huyo alishauri kwamba atoke, asiseme na mtu hata neno moja, amchinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Akafanya hivyo. Watu walipoona, waliinuka wote kwa haraka. Tazama, msomaji, shauri hilo halikuwa la "mambo ya wanawake". Lilikuwa juu ya utii wa umma mzima katika saa ya hatari, na nje ya hema walikuwapo wanaume mashujaa na wenye hekima ambao hatusikii kwamba yeyote kati yao alilitoa.

Kisha tazama habari ya Usama bin Zaid r.a. Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Mama yake, Ummu Aiman, alikuwa Mhabeshi. Mwaka 632, karibu na kufariki kwake, Mtukufu Mtume s.a.w. alimweka kijana huyo, aliyekuwa hajatimiza umri wa miaka ishirini kwa kauli ya wengi, kuwa amiri wa jeshi ambalo Hadhrat Umar r.a. mwenyewe alikuwamo. Watu walinung'unika. Mtume, akiwa mgonjwa, alitoka akawaambia kwamba walimtia dosari na baba yake kabla yake, na kwamba wote wawili walistahili uongozi. Baada ya kufariki kwake walikuja waliotaka awekwe mtu mzima zaidi, na Hadhrat Abubakar r.a. alikataa kwa ukali. Tena, alipolisindikiza jeshi, Khalifa alitembea kwa miguu naye Usama amepanda mnyama. Na alipotaka Umar abaki Madina amsaidie, hakumchukua kwa amri. Alimwomba Usama ruhusa. Mimi hupenda kusimama hapo kila ninapoisoma habari hii. Kumpa kijana cheo ni jambo moja, na kukiheshimu cheo hicho mbele ya watu ni jambo jingine. Wengi wetu huweza la kwanza.

Habari ya Bilal r.a. kuadhini juu ya Kaaba siku ya kutekwa kwa Makka unaijua, sina haja ya kuirefusha. Nakukumbusha hili tu: baadhi ya wakuu wa Makka walichukizwa, na waliona vigumu zaidi kumwona Mwafrika akisimama pale juu kuliko kushindwa vitani.

Pengine utaniambia: "Sheikh, cheo hakigawiwi kwa rangi wala kwa kabila wala kwa kuwa mtu ni mume au mke. Apewe anayestahili." Kweli kabisa, na Kurani Tukufu (4:59) yaamrisha amana zipewe wanaostahili. Lakini nakuuliza nami: huyo anayestahili unamtafuta wapi? Ukimtafuta miongoni mwa wale unaokunywa nao kahawa, utampata huko huko kila mwaka, na utaapa kwa Mungu kwamba ulitenda haki.

Historia ya nchi yetu ina mfano mzuri. Chama cha TANU kiliundwa Dar es Salaam Julai 1954, na waliokaa kukiunda walikuwa wanaume watupu. Mwaka 1955 alikuja mgeni, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Swali dogo. Ndipo Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kazi ya kuwaongoza akina mama. Alikuwa mwimbaji wa ngoma ya lelemama, asiye na elimu kubwa ya shule. Lakini alikuwa na jambo ambalo walimu na makarani waliokiongoza chama hawakuwa nalo: aliwajua viongozi wa vikundi vya ngoma vya mji, na kila kiongozi alikuwa na watu wake. Haukupita muda mrefu wanawake waliochukua kadi wakahesabiwa kwa maelfu. Bibi huyo hakushushwa kutoka mbinguni mwaka ule. Alikuwapo siku zote, anaimba mitaa michache tu kutoka hapo, na sauti yake ilisikika usiku; mgeni ndiye aliyelazimika kuuliza.

Wala sisemi kwamba haki hupatikana kwa kuwageuza waliokuwa juu wawe chini. Serikali ya kikoloni iliwalipa watumishi wake kwa kutazama rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na baada ya Uhuru ilikuwa lazima kuwatanguliza waliokuwa wamedhulumiwa. Hata hivyo, Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba upendeleo wa rangi baina ya raia katika ajira za serikali ukome, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi hawakufurahi. Twaweza kubishana kama wakati ulikuwa umefika. Lakini alikuwa amelikataa jambo lile lile alilolikataa kwa mkoloni, na hilo si jepesi.

Na sasa nije kwangu mwenyewe, maana karatasi ile ya mlangoni chanzo chake ni mimi.

Nilipokuwa chuoni ng'ambo nikisomea dini, tulitoka nchi nyingi: Ghana, Indonesia, Fiji na kwingineko. Mambo ya bweni na chakula yaliamuliwa katika mkutano uliofanywa kwa lugha ya wenyeji, nao walisema upesi na kucheka upesi. Hakuna aliyetuonea. Hakuna aliyetuuliza pia. Mwaka mzima nilikula pilipili nikitokwa na machozi, nikajiapia kwamba siku nitakapokuwa na mamlaka sitamfanyia mtu hivyo.

Nilirudi nyumbani, na baada ya miaka kadhaa nikaagizwa kusimamia ujenzi wa msikiti. Niliteua kamati ya watu saba. Walikuwa wachaji, waaminifu, wenye kujua hesabu. Wote walikuwa wanaume waliopita miaka hamsini, na wote nyumbani walisema lugha niliyonyonya mimi kwa mama yangu. Sikuliona hilo. Naapa sikuliona. Akina mama wana chama chao na viongozi waliowachagua wenyewe, nao kwa kuuza maandazi, mikeka na mayai waliichangia sehemu kubwa ya fedha za saruji. Ramani hatukuwaonyesha.

Siku ya kufungua, bibi mmoja mzee alinijia akiwa na ndoo tupu mkononi. Akasema: "Sheikh, mwanangu, msikiti ni mzuri, Mungu akubariki. Sasa upande wetu tutatawadha kwa maneno?" Nilikwenda kutazama. Upande wa wanaume tulikuwa tumeweka mabomba sita. Upande wao hapakuwa na hata moja, na mlango wao tuliuelekeza uwanja wa magari, ili kila mvua inaponyesha wapite topeni na watoto mgongoni. Wazee saba wachaji, na mubashiri aliyesoma miaka saba! Mwanamke yeyote angeliona kosa lile kwa kuitazama karatasi dakika moja.

Mabomba tuliyaweka, na mlango tukauhamisha kwa gharama ambayo bado inaniuma. Tangu hapo hakuna jambo la jengo linalotiwa sahihi kabla halijapita kwa viongozi wa akina mama na kurudi na maoni yao kwa maandishi. Lakini uchaguzi wa halmashauri ulipofika, mimi niliyedhani nimejifunza niliwaandikia tena barua za mkutano wale wale niliowazoea. Vijana wanaofanya kazi bandarini hawakuja kwa kuwa niliuweka mkutano saa zao za zamu. Ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo, ambao wanasali safu ya pili kila Ijumaa na Kiswahili chao kina mapigo mengine, hawakujua kwamba wana haki ya kupiga kura. Nani angewaambia?

Basi hilo ndilo jibu la yule kijana: aliiona karatasi kwa haki, na kosa halikuwa la dini. Lilikuwa la mwandishi wa barua.

Uchaguzi mwingine utafanywa mwisho wa mwaka huu, baada ya saa za zamu. Kabla yake nimeanza kuzizungukia nyumba za wote wanaosali nasi, kila nyumba na siku yake, wala siendi kuhubiri. Naketi, nauliza mtu alikuwa akifanya kazi gani huko alikotoka na ana shauri gani juu ya mambo yetu, kisha naandika. Hadi leo nimefika nyumba kumi na moja. Katika nyumba ya nne nilimkuta fundi wa visima wa miaka mingi, ambaye ametazama tukinunua maji ya lori misimu miwili ya kiangazi, akingoja aulizwe.