Chunusi na Lawama

Nilipokuwa msichana, nyumbani kwetu Tanga palikuwa na hukumu moja isiyo na rufaa: mwenye chunusi amekula karanga. Kama si karanga, basi ni mayai. Kama si mayai, ni mihogo ya kukaanga iliyouzwa mlangoni pa shule. Hukumu hiyo niliirithi kwa bibi yangu pamoja na kinu chake, wala sikuwahi kuihoji.

Mwaka 2009 binti wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu ili aendelee na masomo ya sekondari. Alikuwa na miaka 15, na uso wake ulijaa chunusi. Nikaona ni wajibu wangu, mimi shangazi yake, kumtengeneza. Nikamwondolea karanga, mayai, maandazi na kila kilichopita kwenye kikaango. Asubuhi, kabla sijaitikia shikamoo yake, nilikuwa nimekwisha kumkagua uso. Nikiona kipele kipya, nilimwuliza, "Jana umekula nini?" Mwanangu wa kiume, aliyemzidi mwaka mmoja, alikula vyote hivyo mbele yake, na ngozi yake ilikuwa nyororo. Jambo hilo nililiona kila siku na halikunifundisha kitu.

Siku moja niliitwa shuleni. Mtoto alikuwa ameanguka mstarini. Hakuwa na malaria. Alikuwa na njaa. Kwa majuma kadhaa alikuwa akigawa chakula chake kwa wenzake. Tulipofika nyumbani nikamwuliza sababu. Akajibu ameinamisha kichwa: "Shangazi, nikila mnaniangalia usoni. Nisipokula mnaniacha."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, kujua chanzo cha taabu ya mtu kunatupa haki ya kumlaumu?

Ingekuwa rahisi kujibu kwamba bibi alikosea, mambo yakaisha. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 65: walilishwa vipande vya chokoleti kwa majuma kadhaa, na kwa kipindi kingine vipande visivyo na chokoleti. Hawakuona tofauti, na kwa miaka mingi madaktari wakatuambia kuwa chakula hakihusiki. Baadaye wengine wakagundua dosari: vile vipande vingine navyo vilikuwa na sukari na mafuta tele.

Mwaka 2002 ikatolewa taarifa ya kisiwa cha Kitava, huko Papua New Guinea. Watu 1,200 walikaguliwa, wala hakuonekana hata mmoja mwenye chunusi. Chakula chao kingetambulika hapa Pwani: viazi, matunda, samaki na nazi. Mwaka 2007, huko Australia, vijana wa kiume 43 walifuatwa kwa majuma 12. Waliopunguza vyakula vinavyopandisha sukari ya damu upesi walipungukiwa na chunusi zaidi ya wenzao. Sukari ikipanda, insulini hupanda, na insulini huchochea tezi za mafuta za ngozi.

Kwa hiyo chakula kinaweza kuwa na mkono wake. Lakini mikono ni mingi: homoni za ujana, urithi wa wazazi, bakteria wa ngozi. Wale vijana wa Australia walipungua uzito pia, na watu wa Kitava wanatofautiana nasi kwa mengi zaidi ya chakula. Na karanga za bibi? Hazimo kabisa katika vyakula vinavyopandisha sukari upesi. Chai yangu ya vijiko vinne, niliyomnywesha mtoto kila asubuhi huku nikimnyima yai, ndiyo iliyostahili kuulizwa.

Hata hivyo, tuseme ningepatia. Tuseme ni yai kweli. Bado ningekuwa nimemkosea. Chanzo hutafutwa ili mtu asaidiwe. Hatia hutafutwa ili aadhibiwe. Mimi nilisema natafuta cha kwanza, kumbe nilikuwa natoa adhabu, tena mezani, mahali ambapo mtoto hana pa kujificha. Watu wawili wanaweza kula sahani moja, mmoja akatoka vipele na mwingine asitoke. Aliyetoka hakutenda dhambi ambayo mwenzake hakuitenda.

Nilimwomba radhi. Kisha nikaacha kupika vyungu viwili. Kama sukari ni mbaya, basi tuliipunguza sote, mimi wa kwanza; dona, maharage na samaki tukala pamoja. Nilimpeleka pia kwa daktari wa ngozi, akapewa dawa ya kupaka. Chunusi zilipungua taratibu, na siwezi kudai kuwa chungu changu ndicho kilichomponya. Dawa ilikuwapo, na umri ulikuwa unasogea.

Ninachoweza kudai ni kidogo. Asubuhi alipokuja kunisalimu, nilijizoeza kuitikia kwanza marahaba, kisha nikamwuliza ameamkaje. Ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, maana jicho lilikwisha kuzoea kukagua.