Shahada ya kuangalizia ni ushahidi wa uongo

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, leo nazungumza na vijana wetu walioko vyuoni, na wazazi wanaowalipia ada. Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wanafunzi ni hili: "Ustadhi, kuangalizia mtihani wa chuo ni dhambi kweli? Si mambo ya kidunia tu hayo?"

Jibu limo katika neno lenyewe. Neno 'shahada' tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni ushahidi. Chuo kinapomtunuku mtu shahada, kinashuhudia mbele ya jamii kwamba fulani amesoma, amepimwa na anajua. Ikiwa majibu aliyaangalizia, au utafiti wake aliandikiwa steshenari kwa malipo, au programu ya akili bandia ndiyo iliyouandika naye akaweka jina lake juu, basi ushahidi huo ni wa uongo, na aliyeusababisha ni yeye.

Na jambo hili si dogo. Katika hadithi ya Abu Bakra (r.a) iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) aliyataja madhambi makubwa zaidi: kumshirikisha Allah na kuwaasi wazazi. Alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi sawasawa, akawa analirudia neno hilo mpaka Maswahaba wakatamani lau angenyamaza.

Aidha, Suratul Al-Imran, aya ya 188, inawaonya wale wapendao kusifiwa kwa mambo ambayo hawakuyafanya. Ewe kijana, siku ya mahafali umevaa joho, ukoo mzima unakupigia vigelegele kwa kazi ya mtu mwingine. Aya hiyo inamhusu nani?

Wapo wanaojitetea kuwa mitihani ni migumu, wahadhiri wanaonea, na kila mtu anadesa. Dhulma haiondoshwi kwa dhulma. Wapo pia wanaosema, "Mimi siibi, nawaandikia tu wenzangu nipate riziki." Jijini Nairobi vijana wengi wenye elimu wamefanya kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao kwa malipo. Suratul Maida, aya ya 2, inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Mwandishi na mwandikiwa wote wamo.

Aprili 2017, hapa Tanzania, uhakiki wa serikali ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengi walishangilia wenzao kuumbuliwa. Lakini tujiulize: aliyepata cheti halali kwa majibu ya kuiba, ni uhakiki gani utakaomnasa? Karatasi yake ni safi, muhuri ni wa kweli. Atakayemgundua ni mgonjwa aliyepewa dozi isiyo yake, au wapangaji wa ghorofa lililopata nyufa. Na kabla ya hao, Allah (s.w) anamjua.

Inasikitisha zaidi tabia hii inapoota kwetu sisi. Wanazuoni wetu wa hadithi hawakupokea neno mpaka msemaji ataje amelipata kwa nani, na huyo naye kwa nani. Aliyejulikana kwa uongo riwaya yake ilikataliwa. Kutaja ulikochota elimu ni urithi wetu, hatukufundishwa na wahadhiri.

Kijana, kama umeshaingia humo, tubu na usirudie. Sapu ya halali ni bora kuliko A ya haramu. Nawe mzazi, usimuulize mwanao amepata ngapi tu. Muulize amepataje.

Tunamuomba Allah (s.w) atujaalie elimu yenye manufaa na chumo la halali. Amin.

Wabillahi Tawfiq.