Biolojia na Uhuru wa Kuuliza

Biolojia ya chuo cha sanaa huria husomwa na mtu ambaye hasomi biolojia peke yake. Vyuo vya aina hii, ambavyo vingi viko Marekani, ni vidogo, na kazi yao kuu ni shahada ya kwanza: Williams kilianza 1793, Amherst 1821, Swarthmore 1864. Katika miaka minne, fani aliyoichagua mwanafunzi huchukua theluthi moja hivi ya masomo yake, pengine zaidi kidogo kwa upande wa sayansi. Yanayobaki ni historia, falsafa, lugha, muziki na mengineyo. Swali la msingi huzuka hapo: anayesoma Homer asubuhi na kushika hadubini alasiri, je, anapata biolojia iliyopunguzwa, au anaielewa vizuri zaidi?

Jibu lililozoeleka limo katika ripoti ya walimu wa Yale ya mwaka 1828. Kwa maoni yao chuo kinapaswa kwanza kuinoa akili, ndipo kiijaze. Utetezi huo una heshima yake, lakini kwa biolojia hautoshi. Ukiufuata, somo lolote gumu lingefaa, na falsafa ingekuwa zoezi tu la kumwandaa mwanafunzi kwa kazi isiyohusiana nayo. Sababu yenye nguvu zaidi imo ndani ya biolojia yenyewe.

Kiumbe hai kina historia. Atomu ya kaboni huelezwa bila kuulizwa ilitoka wapi, lakini twiga hawezi kuelezwa bila kutaja waliomtangulia. Tena mwanabiolojia husema moyo upo kwa ajili ya kusukuma damu, kauli ambayo mwanafizikia hawezi kuitoa kuhusu mwezi, na wanafalsafa wangali wanabishana inawezaje kuwa kweli pasipo aliyekusudia. Dhana nyingine zimetoka moja kwa moja katika maisha ya watu. Darwin mwenyewe alieleza kwamba kukisoma kitabu cha Malthus kuhusu ongezeko la watu, mwaka 1838, kulimsaidia kuuona uteuzi asilia. Na leo jeni huelezwa kwa habari za ujumbe, msimbo na nakala. Asiyejua dhana hizo zilikotoka huzichukua kuwa ndiyo maumbile yenyewe.

Mfano ulio wazi kabisa ulitokea Swarthmore. Mwaka 1988 kundi la wanafunzi wa chuo hicho, pamoja na mwalimu wao wa biolojia Scott Gilbert, lilichapisha makala katika jarida la falsafa la Hypatia kuhusu namna utungisho unavyosimuliwa. Walionyesha kwamba maelezo mengi ya kisayansi yalifuata mkondo wa hadithi za mashujaa: mbegu ya kiume inasafiri, inashindana na inashinda, ilhali yai limelala likingoja kuamshwa. Ushahidi wa kuitilia shaka simulizi hiyo haukuwa mgeni. Mwaka 1951 M. C. Chang na C. R. Austin, kila mmoja kivyake, walikuwa wamegundua kwamba mbegu ya mamalia haiwezi kulitungisha yai mpaka ikae kwa muda katika njia ya uzazi ya jike. Yaani mwili unaodhaniwa kungoja ndio unaoiwezesha mbegu hiyo. Kilichokosekana, basi, hakikuwa kifaa. Alihitajika msomaji aliyezoea kuuliza hadithi inasimuliwa kwa upande wa nani, na ustadi huo hukuzwa katika darasa la fasihi. Wala waandishi wale hawakuipa sayansi kisogo. Uhakiki wao waliupa nafasi ileile ya udhibiti katika jaribio: njia ya kuhakikisha kwamba mazoea ya mtazamaji hayakugeuzwa kuwa matokeo.

Gharama ipo na haifai kufichwa. Saa za muziki zimekatwa kwenye takwimu, biokemia au kazi ya porini, na chuo kidogo mara nyingi hakina mashine za chuo kikuu. Lakini kwa kuwa wanafunzi wa uzamivu hawapo au ni wachache, utafiti wa mwalimu hufanywa na wa shahada ya kwanza. Chuo cha Reed humtaka kila mwanafunzi aandike tasnifu kabla ya kuhitimu. Thomas Cech, mhitimu wa 1970 wa Grinnell, chuo kingine cha sanaa huria, ameeleza kwamba alipokuwa huko alifurahia Homer na Dante sawa na kemia. Mwaka 1989 yeye na Sidney Altman walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba RNA inaweza kuchochea mmenyuko wa kemikali. Mtu mmoja hathibitishi kanuni, ila kwake upana haukuzuia kina.

Mpangilio huu wa kuchanganya masomo ni kinyume cha ule wa Tanzania, ambako mwanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) ameagana na fasihi tangu kidato cha tano na anaweza kuingia moja kwa moja kwenye udaktari wa tiba. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, ndiyo maana madarasa ya biolojia hujaa wanaoutafuta, na wengi wao huyaona masomo mengine kuwa vikwazo vya kuvuka. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo sanaa huria haziongezi kitu. Chuo ambacho maabara na darasa la falsafa havijawahi kukutana katika swali moja humpa masomo mawili nusunusu, na hapo ni afadhali asome biolojia tupu kwa miaka yote minne.