Aliridhia, Lakini Alijua Nini?



Muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, tulikaa watano chumbani hosteli tukitazama filamu iitwayo Concussion kwenye kompyuta ya mwenzetu. Ni filamu ya mwaka 2015, inamhusu Dkt. Bennet Omalu, Mnigeria aliyekuwa akichunguza maiti mjini Pittsburgh, Marekani. Ilipoisha ubishi ukaanza, na haukuwa juu ya daktari. Ulikuwa juu ya maiti aliyeletwa mezani kwake, mchezaji wa zamani Mike Webster. Mwenzetu anayesoma sheria alisema: "Mtu mzima, alisaini mkataba, alilipwa. Sasa kosa la nani?" Nilitaka kumjibu usiku ule nikakosa la kusema. Hapa najaribu tena.

Kwanza mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatuujui. Mpira wa Kimarekani una umbo la yai na hubebwa mikononi. Kila shambulio huanza na safu mbili za watu wakubwa walioinama, uso kwa uso. Webster alikuwa katikati ya safu. Kazi yake ilikuwa kuupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, kisha papo hapo kujigonga kwa aliye mbele yake ili mwenzake nyuma apate nafasi ya kurusha. Mchezaji wa nafasi hiyo karibu hafungi kamwe. Anagongwa tu, shambulio baada ya shambulio, na siku za mazoezi pia.

Alizaliwa Wisconsin mwaka 1952. Aliingia Pittsburgh Steelers mwaka 1974, akacheza nao misimu 15, kisha miwili na Kansas City Chiefs. Alitwaa ubingwa wa Super Bowl mara 4. Watu wakamwita Mike wa Chuma, na mwaka 1997 jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Lakini kufikia wakati huo Mike wa Chuma alikuwa keshaharibikiwa. Kumbukumbu ilimpotea, fedha zikaisha, ndoa ikavunjika. Kuna siku alilala ndani ya gari lake. Usingizi ukimkataa, alikuwa akijipiga shoti kwa kifaa cha umeme, kile cha polisi, ili angalau apoteze fahamu kidogo. Alifariki tarehe 24 Septemba 2002, akiwa na miaka 50.

Omalu alipoutazama ubongo wake kwa macho, ulionekana mzima. Angeweza kuandika kwamba moyo ulisimama, akaenda kulala. Badala yake akauhifadhi, akaukata vipande vyembamba, akagharimia vipimo kwa fedha zake mwenyewe, na chini ya darubini akaona protini zilizorundikana mahali zisipostahili. Mwaka 2005 yeye na wenzake wakachapisha makala. Madaktari wa kamati ya ligi wakaandika kutaka makala ifutwe. Haikufutwa.

Jambo lililoninyima usingizi mimi halikuwa hilo. Mwaka 1999, Webster akiwa bado hai, bodi ya pensheni ya wachezaji, ambamo wamiliki wa timu nao wana wawakilishi, ilikubali kwamba ulemavu wake ulitokana na kupigwa kichwa uwanjani. Walibishana naye kuhusu kiasi cha malipo tu, na kesi hiyo familia ilikuja kushinda katika mahakama ya rufaa mwaka 2006, mwenyewe yuko kaburini. Yaani upande mmoja karatasi imekiri. Upande mwingine, kwa miaka kadhaa baadaye, madaktari wa ligi waliendelea kuandika kwamba hakuna ushahidi wa madhara ya kudumu.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa sheria. Katika somo la muamalat tumefundishwa kwamba ridhaa ni nguzo ya mkataba. Sawa. Lakini tumefundishwa pia habari ya gharari, na habari ya aibu iliyofichwa. Anayeuza ng'ombe akijua anaumwa na akanyamaza, ridhaa ya mnunuzi haimuokoi. Webster alijua atavunjika vidole na kuumwa magoti, na hayo aliyaridhia. Kwamba atafika kuisahau njia ya nyumbani, hakuna aliyempa bei ya hilo. Aliuza magoti, wakachukua na akili.

Na hata angejua? Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya rafiki zangu. Akili ni katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda. Kwa ajili yake tumekatazwa ulevi, na mlevi hanywi kwa kulazimishwa. Mwili ni amana. Aliyeshika amana hana ruhusa ya kuigawa yote kwa kuwa tu amelipwa vizuri. Mafakihi wanapozungumzia ukodishaji wanasema aliyekodi mnyama kwa mzigo uliokubaliwa, akaupitisha kiasi, mnyama akaumia, dhamana ni yake. Mnyama hajasaini chochote, lakini dhamana ipo. Sioni kwa nini mwanadamu apate ulinzi mdogo kuliko punda kwa sababu yeye anajua kuandika jina lake.

Wachezaji wastaafu zaidi ya 4,000 waliishtaki ligi. Mwaka 2013 ilikubali kulipa dola milioni 765, na kikomo hicho kikaondolewa baadaye, bila kukiri kosa. Mwanafunzi wa sheria aliniambia huo ndio mwisho mzuri. Labda.

Mimi nilinyamaza usiku ule kwa sababu nyingine, ambayo sikuwaambia. Kaka yangu mkubwa anabeba magunia sokoni, Bujumbura. Kilo mia mgongoni, kutwa. Ada yangu ya mwaka wa kwanza imetoka hapo, na ya mwaka huu pia. Likizo iliyopita nilimwona akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nikamuuliza, akasema mkono wa kulia huwa unakufa ganzi, ni kawaida ya kazi. Nikakubali haraka kwamba ni kawaida. Sikuuliza tangu lini. Hakuna mtu aliyemlazimisha, yeye mwenyewe ndiye aliyesema nisome.

Alhamisi nilimpigia simu nikamwambia aende hospitali, apigwe picha ya mgongo. Akacheka. "Wakisema niache kubeba, mdogo wangu, mwezi wa tisa utalipa na nini?"

Nikasema aende tu. Bado hajaenda, nami sijapiga tena.

Wallahu aalam.